Moshi Moshi! Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jioni ya Kijapani Bustanini

Tangu mabango yabandikwe, simu hazikatiki. Wapo wanaouliza kiingilio, wapo wanaouliza kama kuna majini, na mama mmoja wa Pasua alitaka kujua kama mwanawe anaruhusiwa kuja na mkia. (Anaruhusiwa, ila usiwe mrefu wa kukanyagwa.) Nimekusanya hapa maswali ninayojibu kila siku. Kama lako halimo, niulize siku yenyewe kwenye meza ya mapokezi. Utanikuta nimevaa sweta la kijivu.

Hii ni shughuli gani hasa?

Ni jioni ya familia katika bustani ya umma hapa Moshi mjini, kufurahia mambo ya Kijapani ambayo watoto wetu wanayapenda kuliko tunavyojua: katuni za anime, vitabu vya picha vinavyoitwa manga, mavazi ya wahusika, michezo ya karata, hadithi na chakula. Waandaaji ni wazazi wachache na vijana wao. Hakuna mgeni rasmi wala risala. Hilo tumelipigania kwelikweli.

Ni lini, na kwa nini mkachagua Saba Saba?

Tarehe 7 Julai, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Ni siku ya mapumziko, kwa hiyo shule na kazi hazina kisingizio. Lakini sababu kubwa ni kwamba Wajapani nao wana saba saba yao. Siku ya saba ya mwezi wa saba ni sikukuu ya Tanabata, sikukuu ya nyota. Watu huandika maombi yao kwenye vikaratasi vyembamba vya rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi. Huko kwao sehemu nyingine huiadhimisha Agosti, kwa kufuata kalenda ya zamani, lakini tarehe inayojulikana zaidi ni hiyo ya Julai. Tulipogundua kwamba zimeangukia siku moja, mjadala ukaishia hapo.

Hadithi ya hizo nyota ni ipi?

Orihime alikuwa binti mfumaji, baba yake mtawala wa mbingu. Hikoboshi alikuwa mchunga ng'ombe ng'ambo ya mto. Wakaoana, wakapendana mno, kazi zikasimama: kitambaa hakifumwi, ng'ombe wanazurura ovyo. Baba mtu akakasirika, akawatenganisha kwa Mto wa Mbinguni, ule ukanda mweupe wa nyota unaouona anga likiwa safi. Akawapa ruhusa ya kuonana mara moja tu kwa mwaka, usiku wa saba saba. Wanasema ndege wa jamii ya kunguru hujipanga wakawa daraja. Mvua ikinyesha mto unafurika, na wanasubiri mwaka mwingine.

Tulipoisimulia kwa majaribio, bibi mmoja wa Kibosho alitikisa kichwa akasema, "Kumbe ni yule mume wa Dar. Huyo naye anaonekana Desemba tu." Hakuna aliyetoa tafsiri nzuri zaidi ya hiyo.

Nyota zenyewe zinaonekana kutoka Moshi?

Zinaonekana, kama mawingu yataturuhusu, na Julai mawingu yetu yana kiburi. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Ikifika saa mbili na nusu usiku, simama uso ukiwa kaskazini mashariki, upande wa mlima, utaona nyota moja nyeupe inayong'aa kuliko jirani zake. Hiyo ni Vega, ndiye Orihime. Geuka kidogo mashariki, chini yake kiasi, utaipata Altair, ndiye Hikoboshi. Taa za jukwaani tutazizima kwa dakika kumi. Tafadhali usiwashe tochi ya simu kipindi hicho, hata kama unamtafuta mtoto, mwite tu.

Je, kuna ibada yoyote? Mimi ni mzee wa kanisa.

Swali hili nimeulizwa na wazee wa kanisa wawili na ustaadhi mmoja, nami naliheshimu. Hakuna ibada. Hadithi yenyewe ilitoka China karne nyingi zilizopita, ikazoea Japani. Kwao sikukuu hii husherehekewa shuleni, madukani na kwenye vituo vya treni, na pia kwenye mahekalu. Sisi tumechukua hadithi, vikaratasi na mianzi tu. Mzazi ambaye hataki mtoto wake aandike ombi aseme pale mezani, mtoto atapewa karatasi ya mraba akunje umbo la ndege, korongo. Hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Maombi yanaandikwa kwa lugha gani, na karatasi zinafungwa wapi?

Lugha yoyote. Kiswahili, Kichaga, Kipare, Kimasai, hata kwa kuchora kama mtoto hajajua kuandika. Mwaka jana wengi wa darasa la saba waliomba kufaulu, na mmoja aliomba mdogo wake aache kukoroma.

Karatasi zinafungwa kwenye mianzi iliyokatwa na kusimamishwa kwenye ndoo za mchanga. Msizifunge kwenye miti ya bustani. Kijana mmoja alipendekeza tutumie mimea ya masale kwa kuwa iko kila kona ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, lakini wazee walikataa, na walikuwa sahihi. Sale kwa Mchaga lina kazi yake: ukilipeleka kwa mtu umeomba msamaha. Huwezi kulining'inizia ombi la baiskeli.

Kwa nini mnasalimia "moshi moshi"? Ni utani wa mji?

Utani umejileta wenyewe. Mjapani akipokea simu husema "moshi moshi", kama sisi tunavyosema "haloo". Kwa hiyo Moshi yetu inatajwa Japani kila siku, mara mbili mbili, bila wao kujua.

Lugha hizi mbili hazina undugu, ila masikio yanadanganyika kwa sababu zote zina irabu tano na maneno mengi yanaishia na irabu. "Hai" kwao ni "ndiyo", kwetu ni wilaya ya jirani. "Mimi" ni sikio. "Hana" ni ua, kwa hiyo mtu anaweza kuwa hana hana. "Mama" wanaielewa, lakini usimwite bibi wa Kijapani "baba", maana kwao ni namna ya kumdharau mwanamke mzee. Na liko neno lao la dubu, silabi mbili tu, ambalo tumemwomba mshereheshaji asilitamke kabisa kwenye kipaza sauti mbele ya wakwe. Watoto wataambiwa "dubu" na inatosha.

Yule dada wa kwenye gari langu anasema nini kila nikiwasha?

Sikutarajia swali hili, lakini limeulizwa na madereva watatu. Magari mengi hapa yametumika Japani kabla ya kuja kwetu, na yamekuja na sauti zao. Maneno yanayosikika sana ni "ETC kado ga sonyu sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara kuu bila kusimama: gari linapita kwenye geti, mtambo unasoma kadi. Hapa hakuna geti la namna hiyo, kwa hiyo dada ataendelea kukukumbusha mpaka gari life. Siyo kwamba mafuta yanaisha, kama fundi mmoja alivyomwambia jirani yangu.

Ukija na gari lenye maandishi ya Kijapani mlangoni, yapige picha uwaonyeshe vijana wa meza ya lugha wakusomee. Tulishakuta Hiace ya abiria bado inajitangaza kuwa ni ya shule ya chekechea.

Kosplei ni nini? Ni lazima nivae?

Ni kuvaa na kujifanya mhusika wa anime, manga au mchezo wa video. Siyo lazima. Ukija na koti lako la kazini tutakupokea vilevile.

Anayetaka kujaribu asinunue vazi la dukani. Nenda soko la mitumba la Memorial asubuhi mabelo yanapofunguliwa, tafuta koti refu na suruali pana, kisha mpelekee fundi cherehani picha. Nywele za rangi zinapatikana kwa wasusi wote: rasta za buluu, za waridi, za kijani. Binti mmoja mwaka jana alishonea rasta za buluu kwenye kofia ya soksi, akatokea vizuri kuliko waliovaa mawigi ya kuagiza. Ngao na mabega ya chuma ni maboksi ya televisheni na gundi ya mbao. Soli za ndala zilizochakaa zinafaa kwa vitu vinavyotakiwa kupinda. Chonga kwa wembe ukiwa na mtu mzima.

Kuna mavazi yaliyokatazwa?

Yapo, na hapa sina mzaha. Wahusika wengi wa anime ni askari. Hapa kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo za mabakamabaka zinazofanana nazo, na hakuna askari atakayesikiliza maelezo kwamba hilo ni jeshi la kwenye katuni. Acha kombati nyumbani, hata kofia.

Panga za mhusika ziwe za boksi au sponji. Hakuna chuma wala mti mgumu. Mlinzi wetu wa getini ni Mmasai na aliuliza kama na yeye aache sime. Tulikubaliana yeye ni kazini.

Kinyago vua unapopita getini mlinzi akuone uso, ukishaingia vaa. Na uvae nguo ambayo ungeweza kusimama nayo mbele ya bibi yako, kwa sababu atakuwepo.

Nitaweza kuvaa yukata au kimono?

Tuna yukata chache za kuazima, za watu wazima na watoto, kwa dakika ishirini za picha. Yukata ni vazi jepesi la pamba la majira ya joto. Sisi Julai tunaganda, kwa hiyo vaa juu ya sweta na usijali macho ya watu.

Jambo moja tu tunalisisitiza: upande wa kushoto unalala juu ya ule wa kulia, kwa wanaume na wanawake. Ukigeuza, kulia juu ya kushoto, hivyo ndivyo Wajapani wanavyomvika maiti. Dada wa meza ile atakurekebisha bila kukuuliza, usione amekuvamia.

Mtaonyesha filamu?

Hapana. Kuonyesha filamu hadharani kunahitaji ruhusa ya wenye haki zake, na hatuna. Badala yake tuna kitu ambacho mimi nakipenda zaidi: kamishibai, yaani mchezo wa karatasi.

Miaka ya 1930 mitaani Japani alipita mtu na baiskeli, nyuma amefunga kisanduku cha mbao kama dirisha dogo. Anagonga vijiti viwili, ka! ka!, watoto wanakuja mbio. Anawauzia peremende kwanza, hicho ndicho kipato chake, halafu anachomoa picha moja baada ya nyingine kutoka kwenye kisanduku huku akisimulia na kuigiza sauti zote. Akifika patamu anafunga. Kesho tena. Televisheni ilipoingia watu waliiita kamishibai ya umeme, na ndiyo iliyomaliza biashara yake. Baadhi ya wachoraji wake walihamia kwenye manga.

Wajapani walikuwa pia na msimuliaji wa filamu zisizo na sauti, benshi, aliyesimama kando ya skrini akieleza kila kitu kwa mbwembwe zake. Aliyekulia kwenye mabanda ya video ya hapa nchini atamtambua mara moja: ni yule anayetafsiri filamu kwa Kiswahili na kumpa muuaji lafudhi ya kwao.

Kisanduku chetu kimechongwa na seremala wa Majengo, kimefungwa kwenye baiskeli iliyokuwa ya kuuzia barafu. Picha zimechorwa na watoto. Hadithi ni mbili: ya Orihime, na moja ya Sungura na Fisi, kwa sababu watoto walikataa kuchora ndege peke yao. Maonyesho ni saa kumi, saa kumi na moja na nusu, na saa moja usiku. Wadogo wakae mbele.

Kuna michezo gani kwa asiyejua lolote kuhusu Japani?

Njoo kwenye meza ya karuta. Neno ni lile lile letu la karata. Wao na sisi tulilipata kwa Wareno, "carta". Iko karuta ya methali: msomaji anasoma, wachezaji wanapigania kadi inayolingana iliyotandazwa chini. Tumeitengeneza ya Kiswahili. Msomaji anasema "Asiyesikia la mkuu…" na kabla hajafunga mdomo mikono minne imeshatua kwenye kadi moja. Nawaonya vijana: wazee hapa hawashindiki. Mwaka jana babu mmoja aliondoka na kadi kumi na saba, na fimbo hakuiweka chini.

Kwa wale wa michezo ya video: kampuni ya Nintendo ilianza mwaka 1889 huko Kyoto ikitengeneza karata za maua, hanafuda. Pakiti tunazo mbili, mtaziona. Bao lipo pia. Televisheni za kuchezea hakuna, msiulize.

Anime ni katuni. Basi zote zinafaa kwa mwanangu?

Hapana, na hili kila mzazi alijue. Kwa Wajapani katuni ni njia tu ya kusimulia, siyo umri. Manga hugawanywa kwa wasomaji: shonen zinawalenga wavulana wanaokua, shojo wasichana, seinen wanaume watu wazima, na kila kundi lina mambo yake. Mtoto wa miaka saba akitazama ya seinen kwenye simu yako, kosa siyo la Japani.

Bustanini tutatumia wahusika wa watoto wote, kama Doraemon, paka wa buluu aliyeanza kuchorwa mwaka 1969, na Pokémon, waliotoka mwaka 1996. Vijana wa meza ya manga wataeleza kila kitabu kinamfaa nani. Waulize. Wanajua kuliko wanavyojua hesabu, na wanasubiri kwa hamu mtu mzima mmoja awaulize.

Chakula gani kitakuwepo?

Kuna tambi za mchuzi, mishikaki ya kuku ya namna ya yakitori, na chai ya tangawizi ambayo ni yetu kabisa. Lakini kitovu ni onigiri: wali uliofinyangwa kwa mkono ukawa kama pembetatu, katikati una kitoweo.

Mwaka jana tuliumbuka. Tulinunua mchele wa Kyela, mkuukuu, wa bei, tukaupika kwa moyo wote. Wali ukachambuka punje kwa punje kama wa harusi. Onigiri zikabomoka mikononi, watoto wakaishia kuzila kwa kijiko.

Mama lishe mmoja akatucheka, ndipo akatufundisha. Kwa onigiri unataka mchele ule ambao siku zote unaukimbia: mpya, wa msimu huu, unaoshikana. Maji yazidi ya kawaida kidogo tu, usitie mafuta hata tone, ukishakauka funika dakika kumi na tano bila kuchungulia. Finyanga ungali wa moto. Mikono ilowe maji, kisha chumvi kidogo viganjani. Ikikauka, wali unakuganda hadi kwenye viwiko. Bonyeza mara tatu au nne huku ukizungusha, basi. Ukikandamiza kama ugali, unapata jiwe.

Mchele wa safari hii unatoka mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, kule Mabogini na Chekereni, mifereji iliyojengwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Japani. Sikupanga iwe hivyo. Aliyetuuzia ndiye aliyetukumbusha.

Ndani tunaweka dagaa wa kukaanga au maharage matamu. Nje wao hufunga nori, mwani uliokaushwa ukawa kama karatasi. Siyo ule mwani unaolimwa Zanzibar. Ni ghali, kwa hiyo zitakazofungwa ni chache, nyingine tunaviringisha kwenye ufuta. Kwa ulimi wangu ufuta umeshinda.

Mimi ni Mwislamu. Vipi kuhusu nyama na pombe?

Hakuna nguruwe, kuku wamechinjwa kihalali, na hakuna pombe kwenye sufuria wala kwenye glasi. Mbege itasubiri kwenu. Sosi ya soya inatengenezwa kwa soya na ngano. Mwenye mzio wa ngano au ufuta asome kibao kwenye kila sinia.

Kiingilio ni kiasi gani?

Mkubwa 3,000, mtoto 1,000, chini ya miaka mitano bure. Chakula unalipia mezani. Lipa getini, taslimu au kwa simu. Tiketi za mlanguzi hatuzitambui, ingawa nakiri ningefurahi tukifikia kiwango cha kuwa na walanguzi.

Nitafikaje?

Shuka mjini, ulizia bustani ukiwa mnara wa saa, ni mwendo mfupi kwa miguu. Bajaji na boda zinajua. Maegesho ni machache, na ukiegesha mbele ya geti la jirani utaitwa kwenye kipaza sauti kwa namba ya gari.

Baridi je? Na mvua?

Sweta, soksi, na kanga ya kumfunika mtoto. Manyunyu hayatuzuii, tuna turubai mbili. Ikiwa mvua ya kweli, tunahamishia Jumamosi inayofuata, na Orihime atatuelewa.

Kutakuwa na fataki?

Hapana. Kuna vichanga na kuna mbwa wa jirani.

Tuje na mifuko?

Ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, hilo mnalijua. Njoo na kikapu. Takataka yako ondoka nayo.

Naweza kumpiga picha mtu aliyevaa vazi?

Muombe kwanza. Kwa mtoto, muombe mzazi wake. Usiguse nywele, upanga wala mkia.

Mtoto akipotea?

Getini kila mtoto anafungwa utepe mkononi wenye namba ya simu ya mzazi. Hatutaji jina la mtoto kwenye kipaza sauti. Tunataja vazi lake. Kwa hiyo ukumbuke amevaa nini. Mwaka jana tulikuwa na vijana sita waliovaa majoho ya aina moja ya rangi ya machungwa, ikabidi tuongeze habari za viatu.

Sina mtoto. Naweza kuja?

Njoo. Ila kwenye foleni ya onigiri watoto wanatangulia.